Minyoo wa Uani Kwetu

Ndoa yangu inanuka tope, na sioni haya kulisema. Wenzangu niliokua nao Mambrui waliolewa na maseremala, wenye maduka na madereva wa malori. Mimi nikaolewa na mfukua chambo. Tangu fungate hadi leo sijapata sabuni ya kuishinda harufu ya mikoko iliyoingia kwenye kucha za mume wangu. Marashi nayo hayafui dafu. Mwanzoni nililia, kisha nikagomba, baadaye nikaizoea, na siku hizi nikilala kwa watu, kwenye chumba kisichonuka tope, usingizi hunichelewa.

Kazi yake ni hii. Maji yakipwa hubeba ndoo na kipande chake cha nondo, huteremka hadi kwenye mikoko karibu na mdomo wa Mto Sabaki, akafukua minyoo wa bahari na kuwauzia wavuvi wa mshipi. Mnyoo huyo si yule anayetokea bustanini baada ya mvua. Ukimnyoosha anafika kutoka ncha za vidole hadi karibu na kiwiko. Rangi yake ni nyekundu inayotoa mng'ao wa kijani juani, na mwili mzima ni pingili pingili kama muwa, kila pingili na vijiguu vyake pembeni. Ukimvuta kwa pupa anakatika, na chambo kilichokatika mvuvi hakitaki. Mume wangu alikuwa hodari wa kumtoa mzima. Akimkata kwa bahati mbaya, kipande chenye kichwa alikirudisha shimoni, maana wafukuaji wote wanajua kwamba kichwa kikisalia, mkia utaota tena.

Kazi yangu mimi ni kushona kofia za mkono, zile nyeupe za vitobo. Kwa hiyo nyumba yetu ina mipaka. Kofia hukaa ndani, ndoo ya chambo huishia uani, na mwenye ndoo husimama karibu na birika mpaka nimkague miguu. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, hunicheka. Husema nimemfanya mwanawe mgeni ndani ya nyumba aliyozaliwa. Watoto wetu wameshaoa na kuolewa, wote wako Mombasa. Watu wa kuwagombeza wamepungua, ndiyo maana mume wangu anapata fungu la wote.

Kisha goti lake la kulia likaanza visa. Kufukua chambo ni kazi ya kuinama. Unainama kutoka maji yanapopwa hadi yanaporudi. Wahenga walisema ukitaka cha mvunguni sharti uiname, lakini hawakusema neno juu ya goti. Alikuwa akirudi ameishikilia nondo kama mkongojo, ndoo haijafika nusu, na akiketi kwenye mkeka kula, kuinuka kwake kulikuwa shughuli. Nilimkanda kwa mafuta ya nazi na tangawizi. Zahanati walimpa vidonge na ushauri: aache kuinama. Aliwashukuru, akachukua vidonge, ushauri akauacha palepale mezani.

Mwezi wa Shaaban nduguye, ambaye ni mpishi katika hoteli moja kule Kikambala, akapiga simu. Kuna nyumba za wageni karibu nao, bawabu wao ameacha kazi, na mwenye nyumba yuko tayari kumngoja mtu mwaminifu mpaka Idi ipite. Kazi ni kukaa langoni kwenye kiti, kufungua na kufunga. Chumba kipo hukohuko. Kila mwisho wa mwezi atapata ruhusa ya kuja nyumbani.

Mume wangu alimjibu nduguye kwamba atafikiri. Mwanamume wa kwetu akisema atafikiri, ujue kilichobaki ni kufunga mzigo.

Sikutaka aende. Naliandika hapa waziwazi kwa sababu wakati ule sikulisema. Nilivyolelewa mimi, mke hamzuii mume riziki, na kazi ya kiti kwa mtu mwenye goti bovu ni riziki ambayo hata adui angeiombea dua. Ningesema nini? Kwamba nitakosa mtu wa kumkagua miguu? Niliendelea kushona. Wiki ile nilitoboa kidole zaidi kuliko nilivyotoboa kitambaa.

Ilikuwa siku za bamvua, mwezi umejaa na maji yakipwa mbali sana, aliporudi na kitu kimenasa pembeni mwa ndoo. Kilikuwa kifuko laini, kikubwa kama ndimu, kinaonekana ndani kama kioo chenye ukungu, na kina kikonyo. Nikamwuliza ni nini hicho anachoniletea uani kwangu.

"Hayo ni makamasi ya bahari," akasema. "Yamejaa huko. Twayakanyaga kila siku."

Nilikichukua kwa kijiti nikitupe. Lakini mimi ni mtu wa kushona vitobo, jicho langu haliwezi kuacha vitone vipite hivihivi, na ndani ya yale makamasi kulikuwa na vitone, vingi, vya rangi ya manjano, vimetawanyika kwa nafasi. Makamasi gani yana mpango namna ile? Nikaleta ile lenzi yangu ninayoivaa shingoni kwa kamba wakati wa kushona, nikachuchumaa, nikatazama. Vile vitone vilikuwa vinazunguka. Kila kimoja mahali pake, taratibu, kama mtu anayejigeuza usingizini.

Nilipiga ukelele mpaka mama mkwe akatoka na tasbihi mkononi.

"Haya ni mayai," nikawaambia. "Yana watoto ndani."

Mume wangu akacheka. Aliniambia minyoo hawana mayai, minyoo huzaliwa na tope. Yeye na baba yake na wafukuaji wote wa pale wanajua hivyo: ukiliacha tope lipumzike, linazaa wengine, na ndiyo sababu wanahama mahali hadi mahali.

"Na wewe ulizaliwa na mchanga?" nikamwuliza.

"Muulize mama, huyo hapo."

"Msiniingize kwenye matope yenu," mama mkwe akasema, lakini akaishika lenzi, na alipoona alisema "Subhanallah" mara kadhaa, kisha akaomba aletewe kiti.

Ubishi ule tuliupeleka kwa mpwa wa mume wangu, binti anayefundisha sayansi Malindi, ambaye alikuja Ijumaa kututembelea. Nilimpokea mlangoni na kifuko kwenye bakuli la maji ya bahari, nusura nisahau kumwitikia shikamoo yake. Akatazama kwa muda mrefu. Akasema ni kweli, ni mayai ya minyoo walewale wa chambo. Jike hutaga mayai ndani ya ute, akaufunga ute kwa kikonyo kwenye mdomo wa shimo lake usichukuliwe na maji. Watoto hukua humo humo. Kwanza huwa duara tupu lenye vinyweleo vilivyozunguka kiunoni, na hivyo vinyweleo ndivyo vinavyoligeuza. Kisha duara hurefuka, hupata pingili tatu za mwanzo, ndipo hutoka kwenye ute na kutambaa kutafuta tope la kujichimbia.

"Na mama yao?" mama mkwe akauliza.

"Mama yao kazi yake imekwisha, bibi. Kila mtoto na lake."

"Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana," mama mkwe akasema kwa hasira ya kweli. "Mama gani huyo wa kuwafunga watoto mlangoni akaenda zake?"

Tulicheka sote, isipokuwa mume wangu. Alikuwa anatazama kile kifuko. Nilimjua: ana wazo, na wazo kwake ni kama mfupa wa samaki kooni, hasemi mpaka litoke. Lilitoka baada ya chai ya jioni. Kama watoto wa mnyoo wanatoka kwenye mfuko, na kama mfuko unaweza kubebwa, basi si lazima mtu awafuate mikokoni. Mtu anaweza kuwa na tope lake uani. Akaketi kwenye kibao kando ya tope lake, akamtoa mnyoo kwa mkono, na goti lisijue kinachoendelea.

"Wakiishi, sitoki hapa," akasema. "Wakifa, naenda Kikambala Idi ikipita."

Alisema hivyo mbele ya mama yake, na maneno akiyasema mbele ya mama yake hayarudishi. Mimi nikainama juu ya kofia yangu. Ndani ya moyo wangu nilikuwa nimeshageuka mkunga.

Shida ya kwanza ilikuwa joto. Beseni la plastiki likikaa uani kwetu tangu asubuhi, adhuhuri unaweza kuchemshia yai la kuku, seuze la mnyoo. Mama mkwe akatuokoa. Alikuwa na mtungi wake wa udongo aliokuja nao alipoolewa, ambao tangu tulipopata friji aliuweka kivulini bila kazi. Mtungi hupoza maji wenyewe, akasema, na wageni wetu watakaa humo kwa raha. Tukamshukuru sana. Mume wangu akaenda kuchota maji ya bahari masafi, na aliporudi akakuta mtungi umeshasuguliwa na kuwekwa tayari juu ya kigoda. Akamimina maji, akakiteremsha kifuko kwa uzi, taratibu, kama mtu anayeshusha ndoo kwenye kisima chenye jini.

Kesho yake asubuhi nikakivuta kifuko nikitazame. Hakuna kilichozunguka. Jioni vitone vilikuwa vyeupe, na siku iliyofuata ute ukaanza kuyeyuka. Mume wangu akasema labda maji. Nikasema labda tulikivuta kikonyo. Mpwa wetu kwenye simu akasema labda hewa. Kila mtu alikuwa na labda yake, mpaka nilipoingiza kichwa mtungini kumwaga maji, nikasikia ninanukia.

Nilinukia vizuri mno, kama bibi harusi.

"Mama," nikauliza, "huu mtungi umefukizwa?"

Mama mkwe akanitazama kama niliyeuliza kama yeye huoga. "Ala! Wataka niwatie wageni kwenye mtungi usofukizwa? Kwani sisi hatukufunzwa?"

Wasiojua pwani niwaeleze. Mtungi wa maji ya kunywa, kwa watu wa adabu, haujazwi hivihivi. Unaoshwa, unakaushwa, halafu unafudikizwa juu ya chetezo chenye makaa na ubani mpaka moshi uingie kwenye udongo wenyewe. Ndipo unatia maji, na anayeyakunywa anajua ameingia nyumba ya nani. Mama mkwe wangu kwa hilo ana sifa mji mzima. Wakati mwanawe yuko ufukweni, yeye alikuwa amewafukizia watoto wa mnyoo ubani wa nyumba nzima, na hakubania hata punje.

Hatukuweza kumkasirikia. Mume wangu alicheka mpaka akafuta machozi kwa kikoi, akambusu mama yake mkono. Lakini mchana nilimwona anatoa viatu vyake vyeusi chini ya kitanda, vile vya kufunga kwa kamba, anavipuliza vumbi. Kicheko changu kikaniishia palepale.

Ramadhani ikaingia, na kwa mshona kofia Ramadhani ni mavuno. Kila mwanamume anataka kofia mpya ya Idi na kila mmoja amekumbuka jana. Nilikuwa na kazi mpaka mlangoni. Hata hivyo maji ya mwezi mwandamo yalipopwa, nilivaa leso kuukuu mbili nikamfuata mume wangu mikokoni. Sijawahi kukanyaga tope lile maisha yangu yote. Aliniuliza nimerogwa na nani. Nikamwambia goti lake halimruhusu kuchungulia mashimo, na macho yake hayajui tofauti ya yai na kamasi, kwa hiyo anyamaze anionyeshe njia.

Tope lilinipanda hadi magotini, la uvuguvugu juu na la baridi chini. Kaa wadogo walijificha kila nilipoinua mguu. Nilikuwa nimefunga, jua kali, kiatu kimoja nimekipoteza, na sijui kwa nini, lakini nilikuwa na furaha kama mtoto aliyetoroka chuo cha Kurani. Mume wangu alisimama kwenye mizizi, akaninyooshea nondo yake kuelekea huku na kule: pale kuna mashimo, usikanyage hapo, zunguka. Miaka yote ile nilimjua mtu anayeingia uani akinuka. Huku nilimwona anasoma tope kama mimi ninavyosoma kitambaa. Nilimwonea fahari, nikamwambia, akajifanya hakusikia.

Nilipata kifuko kingine kwenye mdomo wa shimo, kinachezacheza na maji yaliyobaki, kikonyo chake kimeingia ndani ya mchanga. Sikukivuta. Nilichimba pembeni kwa mikono yangu miwili nikakitoa pamoja na donge lake la tope, kama unavyohamisha mche wa mpapai, nikalikumbatia donge hilo njia nzima hadi nyumbani. Watu tuliopishana nao walinisalimu kwa heshima na hawakuuliza kitu. Nadhani waliogopa jibu.

Safari hii mtungi haukuguswa. Tulipata pipa la plastiki lililokatwa nusu, tukalisugua kwa mchanga na maji ya bahari tu, bila sabuni, tukalichimbia nusu ardhini chini ya upenu wa paa ambako jua halifiki, na juu tukafunika kipande cha makuti. Tukatandaza tope laini chini. Mama mkwe tulimpa kazi ya kuwafukuza kuku, akaifanya kwa ukali wa askari. Chetezo chake alikihamishia chumbani kwa hiari yake na akafunga mlango.

Siku chache baadaye mvua ilinyesha bara, na Sabaki ukashuka mwekundu na mnene kama kila mara. Maji ya ufukweni karibu na mdomo wa mto yakawa si matamu si ya chumvi. Mume wangu akaanza kwenda mbali upande wa kaskazini kuchota maji safi, na madumu yake mawili, na goti lake. Nilimwambia atajiua kwa ajili ya minyoo. Akasema anatembea tu, hainami. Nilikuwa namwona anavyorudi, anapumzika kila penye kivuli. Sikumkataza. Kwa mara ya kwanza tulikuwa tunataka kitu kimoja, na hatukuthubutu kukizungumza.

Watoto walitoka. Asubuhi moja ute ulikuwa umelegea na vitone havimo, nikalia kwanza, kisha nikavaa lenzi. Juu ya tope, pembeni mwa pipa, kulikuwa na vipande vya uzi mfupi, vyembamba kuliko uzi wangu wa kofia, na vilikuwa vinatembea. Kila kimoja kilikuwa na kichwa, na macho mawili mekundu yasiyozidi ncha ya sindano, na pingili tatu, na nywele pembeni za kupigia kasia. Nilimwita mume wangu, akaja mbio za mtu mwenye goti, na tukabaki tumeinamia pipa vichwa vinagongana.

Kuanzia hapo kazi za kofia zilinichelewa, wateja wanisamehe. Nilikuwa naingia uani kuanika leso najikuta nimechuchumaa kando ya pipa. Niliona mambo ambayo sikuwahi kuyafikiria. Mnyoo akikua pingili haziongezeki kichwani, wala haziongezeki nyuma kabisa. Mkia alionao ndio atakaozeeka nao. Pingili mpya hujitokeza mbele tu ya mkia, changa na nyembamba, kisha nyingine nyuma yake, na nyingine. Mkia ni kama yule mama mpole kwenye foleni ya zahanati, kila anayekuja anaingia mbele yake na yeye hasemi kitu. Nilimweleza mume wangu. Alikuwa amefukua minyoo tangu ujana na hilo hakulijua, na mimi niliyekuwa ninawachukia nilikuwa namfundisha. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akaniambia kwamba kaa mdogo akiingia pipani atawamaliza, nitazame tope kabla ya kulimwaga, na hilo mimi sikulijua.

Kulikuwa na mmoja niliyempenda kuliko wote. Alijichimbia pembeni penye kijiwe, na kuna siku alikatika mkia, sijui kwa nini. Nikamsikitikia kama mtoto wa jirani. Haukupita muda nikaona kwenye jeraha kimetokea kitu cheupe, kisha mkia, na mbele ya mkia pingili changa zikaanza tena kujipanga. Mama mkwe aliuliza habari zake kila tukimaliza futari.

Idi ilikuja, tukala, tukavaa, tukapokea watoto na wajukuu kutoka Mombasa, na wote walipelekwa kuonyeshwa pipa kabla hawajapewa pilau. Wajukuu walitarajia majoka. Walisikitika.

Halafu Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukaendelea, na simu ya Kikambala ikalia. Shemeji yangu alisema mwenye nyumba hawezi kungoja zaidi. Mume wangu akatoka nje kuzungumza, akarudi, akaketi ukumbini. Akauliza mpwa wake anasemaje. Mpwa wake alishasema: minyoo wale walikuwa hai na wazima, lakini kufikia ukubwa wa kuingia kwenye ndoana kutachukua miezi mingi, huenda mwaka. Hilo sisi tulilisikia tangu zamani na tulilipita kando kila mmoja kwa upande wake.

"Wameishi," nikasema.

"Wameishi," akakubali. "Lakini hawawezi kututunza bado."

Alikuwa sawa, na kuwa kwake sawa kulinikera. Kofia zangu zingetuvusha kwa shida, na yeye angefukua siku ambazo goti limelala. Tungekula. Si vizuri, lakini tungekula. Nilijua pia kwamba mwanamume aliyezoea kurudi na ndoo hawezi kwa raha kukaa anamtazama mkewe akishona. Akasema amefikiri. Ataenda Kikambala mwaka mmoja tu, minyoo wakue, kisha arudi awakute wakubwa. Alikuwa ameahidi kutotoka, anajua, lakini ahadi ile aliitoa kabla hajajua mnyoo anakua kwa mwendo gani. Mama mkwe alihesabu tasbihi bila sauti.

Asubuhi ya safari begi lilikuwa mlangoni. Alikuwa amevaa vile viatu vyeusi. Alikunywa chai akiwa amesimama, akaenda uani kuaga pipa, nami nikamfuata na kikombe chake mkononi. Akafunua makuti, akatazama. Tope lilikuwa na vitundu vidogo vidogo, kila kitundu na mwenyewe ndani.

"Basi utawatazama wewe," akasema. "Wewe ndiye mwenye macho. Nikijua wako nawe nitakaa huko bila wasiwasi."

Lilikuwa jambo dogo sana kuitikia. Ningesema inshallah, angebeba begi, na gari angelipata kabla jua halijapanda. Nami nilikuwa nawajua wale minyoo mmoja mmoja. Lakini mdomo wangu ulikataa.

"Mimi minyoo siwawezi," nikasema.

Akageuka. Akanitazama usoni, kisha akatazama lenzi iliyokuwa inaning'inia shingoni mwangu, na tope lililokauka kwenye pindo la leso yangu.

"Huwawezi?"

"Siwawezi. Siwajui hata kidogo. Ukienda watakufa."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake ya kuku, na nilihisi macho yake mgongoni. Mume wangu hakuniuliza tena. Alitoa simu mfukoni, akampigia nduguye. Nilisikia akimwambia kwamba hataweza kuja, amwombee radhi mwenye nyumba. Mke wake ameshindwa kazi moja ya hapa nyumbani na hana mtu mwingine wa kumwachia. Alilisema bila kutabasamu. Akarudisha simu mfukoni, akaketi kwenye kibao, akafungua kamba za viatu.

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Yeye akauliza tu, kama siku yoyote, ikiwa maji ya leo yanatosha.

Nikamjibu kabla sijafikiri. Nikasema hayatoshi, yamepungua vidole viwili tangu jana. Asichote upande wa mto kwa sababu bado ni mwekundu, aende kaskazini. Na akirudi amimine polepole pembeni ya kijiwe, maana wale wa katikati vitundu vyao bado ni vichanga na maji yakianguka kwa nguvu vitabomoka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua madumu yake, akatoka pekupeku.